Kayaki ya mtumba kutoka Jinja: misimu miwili kwenye mto wa mawe huku Kigoma

Wakuu habari zenu. Vijana wawili wa Ujiji na mwingine yuko Kasulu wameniuliza kuhusu ile kayaki yangu ya njano, yaani ule mtumbwi mdogo wa plastiki wa mtu mmoja, kama inafaa kununua ya mtumba au wajichange mpaka wapate mpya, nikaona nikijibu mmoja mmoja nitasahau mambo ya maana, kwahiyo naandika yote kwa pamoja. Nimeitumia misimu miwili ya mvua, Novemba mpaka Aprili, na sio ziwani, ni mtoni, kwenye mto mmoja unaoshuka kutoka milima ya upande wa Buhigwe, mwembamba, mawe matupu, na kwa kilomita kama saba hivi katikati hamna njia ya gari wala bodaboda, ukiumia humo unabebwa kwa machela ya miti. Jina la mto silitaji kwa makusudi. Watu wanachota maji humo na wanaloweka mihogo, na sitaki mtu aliyepiga kafi siku mbili ziwani asome hapa alafu kesho awe kule peke yake.

Kayaki nilinunua Jinja, Uganda, nilifanya kazi gereji kule miaka mitatu na jioni nilikua nashuka Nile na jamaa wa pale, ndio walionifundisha kila kitu mpaka kujigeuza ukipinduka bila kutoka ndani. Nililipa kama laki tisa na nusu ya kwetu pamoja na kafi na sketi ya mpira, ile unayovaa kiunoni na kuifunga kwenye mdomo wa kayaki, pale unapokaa, ili maji yasiingie. Ikapanda juu ya basi mpaka Mutukula, Bukoba, Nyakanazi, Kibondo, Kasulu, mpaka hapa mwisho wa reli, nauli ya mzigo na ushuru wa mpakani vikanila laki na nusu nyingine, makonda kila mmoja anauliza hiki ni kitanda cha mtoto au tenki la maji.

Stika zote zimebanduka kwahiyo jina la modeli wengi wananiuliza siwezi kuwaonyesha, ila nyuma kabisa kwenye plastiki kuna namba ndefu imechapwa, na hii ni ya kujua mnaponunua mtumba, tarakimu mbili za mwisho za ile namba ndio mwaka wa modeli. Yangu inaishia 12. Muuzaji alikua ananiambia ina miaka minne tu. Namba haidanganyi, angalia namba kwanza alafu ndio mzungumze bei.

Sasa umbo lake, maana hapa ndio watu wanakosea. Ni fupi, kama mita mbili na nusu, nene, tumbo la mviringo, pua na mkia vimepinda kwenda juu kama ndizi, ujazo wake ni karibu lita 300 na uzito kilo 21 nimepima kwenye mizani ya dagaa pale Kibirizi. Ujazo ndio unanunua. Mto wa milimani unashuka kwa ngazi, unadondoka mita moja, mita mbili, unaingia kwenye povu, na kayaki yenye ujazo mdogo inazama na pua yake inakaa chini huko wakati maji ya nyuma yanakuangukia, wakati hii yangu inazama kidogo alafu inaibuka yenyewe kama chupa tupu ya soda uliyoikandamiza ndani ya ndoo ukaiachia. Zile fupi bapa za kuchezea mawimbi Jinja ni nzuri sana kwa kazi yake lakini usilete kwenye mawe. Na ile ndefu ya kutalii ziwani pia usilete, itakwama katikati ya mawe mawili kama gogo.

Na tofauti ya Nile na huku nilikua naijua kwa maneno tu, mwili ulikua haujaijua. Nile pale Jinja ni maji mengi ya vuguvugu na kina kirefu, unapinduka, unazungushwa, unatemwa chini kwenye maji tuli, wenyeji wanakuonyesha na sehemu ambayo maporomoko ya Bujagali yalifunikwa na bwawa, unaona jinsi mto ule ulivyo mkubwa. Huku kwetu maji ni machache, ukipinduka kichwa kinakutana na jiwe kabla hujakumbuka kafi iko mkono upi. Siku ya kwanza tu helmeti yangu ilipata mkwaruzo wa kidole kizima kwa urefu. Kwahiyo helmeti sio kitu cha kujadili, na isiwe ile ya pikipiki mana ile inanywa maji na ina uzito unakuvuta shingo.

Plastiki. Hii ni polithini nzito, ile ile jamii ya madumu ya mafuta ya mawese, na kwa hilo naipa alama zote. Imegonga mawe kiasi ambacho mtumbwi wa mbao ungeshakua kuni. Ikibonyea unaiacha juani saa moja mbili inarudi yenyewe, ikikataa unamwagia maji ya moto unasukuma kwa ndani na goti. Msimu wa kwanza ilipata ufa chini ya kiti urefu wa kiganja, nikajaribu gundi aina tatu pamoja na ile ya kuchanganya mbili, zote zikabanduka kama gamba la kitunguu, mana polithini haishiki gundi. Mwishoni nikaenda kwa yule mama fundi wa kuziba ndoo na mabeseni pale sokoni, anayeyusha kwa chuma cha moto, nikampelekea na kipande cha dumu lenye alama ya pembetatu na namba 2, akatoboa kwanza tundu dogo kila mwisho wa ufa ili usiendelee, alafu akayeyusha vikaungana, elfu nane tu, na mpaka leo haijavuja. Mafundi wa namna ile wanajua plastiki kuliko mtu yeyote niliyekutana naye Jinja, nasema kwa heshima zote. Ila mjue kuna kayaki za zamani zimetengenezwa kwa polithini ya aina nyingine ambayo ikishaganda haiyeyuki tena, hizo hata kwa chuma cha moto haziungi, kwahiyo kabla hujanunua omba ukwangue unyuzi mdogo kutoka mahali pasipoonekana uuweke kwenye moto wa kiberiti, ukiyeyuka na kudondoka kama mshumaa chukua. Na usiiache juani miezi, jua ndio linaila, yangu inakaa chini ya mwembe na turubai juu.

Sasa nakuja kwenye kilichotaka kuniua na ndicho nataka mkisome kwa makini.

Ndani ya kayaki za mito ya mawe miguu haikanyagi vijipegi viwili vya pembeni kama za ziwani, inakanyaga ubao mmoja mpana mbele wenye sponji, upana wote wa nyayo. Sababu yake ni kwamba ukidondoka ngazi na pua ikagonga jiwe uso kwa uso, mwili wote unaenda mbele, na kama unakanyaga kijipegi kinavunja kifundo au mguu unateleza unapita pembeni yake na kunasa. Ubao unagawa ule mshindo. Yangu ina ubao mzuri kabisa, sponji nene, umeshikwa na bolti nne kwenye reli mbili. Nilivyonunua muuzaji alinifungulia nikaona ubao, nikausukuma kwa mkono, imara, akasema amebadilisha bolti zote mwenyewe. Nikaamini. Mimi ni fundi wa injini za boti, bolti ndio ugali wangu, na nilimwamini mtu kwa maneno badala ya kuchukua spana.

Februari msimu uliopita usiku ilinyesha sana. Tukafika kijijini asubuhi saa moja na nusu mimi na binamu yangu, yule mdogo wa kwa mama mkubwa, tukamkuta mzee mmoja ambaye shamba lake linagusa mto, tukamsalimia kwa Kiha, mwakeye mzee, akaitika, akasema mwanangu mto umeamka leo. Kawaida yetu tunachomeka kijiti ukingoni tunakunywa chai kwa nusu saa alafu tunaangalia, maji yakipanda juu ya alama hatuingii, yakishuka tunaingia. Siku ile yalikua yanashuka, upana wa vidole viwili, kwahiyo uamuzi wa kuingia nautetea mpaka leo. Ngazi ya kwanza safi, ya pili safi. Ya tatu ni mdondoko wa kama mita moja na nusu, unatakiwa uruke ukielekea kushoto, nikachelewa pigo moja la kafi, pua ikaenda moja kwa moja kwenye jiwe la chini ya povu.

Nilisikia mlio kama fimbo kavu inavunjwa. Bolti mbili za kulia zilikatika na ubao ukaenda mbele, na mimi nikaenda nao, nikaingia ndani ya pua mpaka mapaja yakatoka kwenye vishikio vyake, na kayaki ambayo huishiki kwa mapaja huiendeshi, wewe ni mzigo ndani ya pipa. Mkondo ukanigeuza ubavu ukanipeleka kwenye mti uliolala, mvule mzee umeanguka ng'ambo mpaka ng'ambo, tunaujua siku zote tunaupita kulia kwa kuingia mapema kwenye maji tuli nyuma ya jiwe. Siku hiyo sikuwahi.

Mti uliolala mtoni ndio kitu kibaya kuliko maporomoko, na watu wa mjini hawaamini ukiwaambia. Jiwe maji yanalizunguka, kwahiyo hata wewe yanakuzungusha, lakini mti wenye matawi maji yanapita katikati na wewe hupiti, kama chujio la chai. Kitu kimoja nilichofundishwa Jinja mpaka nikakichukia ndicho kilinisaidia, ukibanwa ubavu unauegemea mti, unaukumbatia kabisa, huegemei kule maji yanakotoka, mana ukiegemea huko maji yanapanda kwenye sketi yanaipindua kayaki chini ya mti na hapo hamna tena habari. Nikaukumbatia ule mvule, shavu kwenye magome, maji yananipiga mgongoni, miguu iko ndani ya pua.

Binamu alikua juu ya mwamba na kamba ya kurusha, ile iliyopangwa ndani ya mfuko, mita 20, inaelea. Rusha ya kwanza ikapita mbali. Hakupaniki, hakuanza kukunja kamba vizuri, akaivuta haraka haraka akajaza maji kwenye mfuko ukawa mzito akarusha tena kama jiwe, ikaniangukia begani. Sikuifunga mwilini, hilo pia muwaambie wenzenu, kamba mtoni haifungwi mwilini kamwe mana ikikaza maji yanakuzamisha, unaishika tu kwa mkono ili uweze kuiachia. Nikavuta ule mkanda wa mbele wa sketi ikafunguka, nikajitoa mguu mmoja mmoja, nikapanda juu ya mti kama mjusi. Kutoka kugonga mpaka kupanda binamu anasema dakika tatu au nne. Kifundo cha kulia kilivimba wiki mbili, sikuvunjika.

Kayaki yenyewe ilikaa pale mpaka saa nane mchana. Hizi za mito ya mawe zina vishikio vya chuma vilivyopita ndani ya plastiki, mbele, nyuma na karibu na mdomo, sio mapambo, ndio unafunga kamba wakati kama ule. Yule mzee akaja na vijana wanne na panga, tukafunga kamba kwenye mti wa ukingoni, tukaizungusha kwenye puli ndogo mbili ili nguvu ya mtu mmoja iwe kama ya watatu, ikatoka ikiwa imekunjwa katikati kama chapati. Siku tatu juani imerudi. Imebaki mstari mweupe tu kwenye mkunjo.

Nilipofungua zile bolti nyumbani nikaona kila kitu. Mbili za kushoto ni chuma kisichoshika kutu, za kiwandani. Mbili za kulia ni bolti za kawaida za dukani, zimepakwa rangi ya fedha, na ndani ya nati zimeoza kabisa, kipande kilichobaki kizima ni kama kijiti cha kiberiti. Kwahiyo alibadilisha kweli, alivyosema. Nilimpigia simu akajibu mtumba ni mtumba, huuziwi na garantii. Sitamtaja, na siandiki kumchafua mtu, lakini kilichofanyika pale nakiita kwa jina lake, kuficha kutu kwenye kitu kinachobeba uhai wa mtu ni dhambi. Bei ya bolti nne za chuma kizuri size kumi, pale bandarini kwa wanaouza spea za injini, ni elfu kumi na mbili. Zote nne.

Sasa mambo mengine kwa haraka. Kiti kiko vizuri, mgongo unashikwa na mkanda wenye meno unaokazwa ukiwa umeshakaa, ule wa kwangu meno yameanza kuisha. Vishikio vya mapaja vinarekebishika, mtu mfupi kama binamu inabidi aongeze sponji pembeni ya nyonga, sponji ya kandambili za zamani inafaa kabisa. Sketi niliyopewa ilikua saizi moja kubwa, maji yanaingia kikombe kikombe, nimenunua nyingine. Ukiifunga hakikisha ule mkanda wa kuvuta uko nje, uguse kwa mkono kila mara kabla hujasukuma kutoka ukingoni, kila mara. Kifuniko cha kutolea maji nyuma kipo na kinabana.

Na kwa wanaotaka kujua kuhusu mto wenyewe. Bila wenyeji usiingie. Yule mzee kabla hatujagusa maji mara ya kwanza alitutembeza ukingoni siku nzima, akatuonyesha jiwe moja kubwa ambalo kwa juu linaonekana la kawaida tu, akasema hili lina tundu chini, mbuzi wangu aliingia upande huu nikamsubiri upande ule hakutoka. Pale mpaka leo tunabeba kayaki begani tunapita nchi kavu, hata maji yawe mazuri vipi, na sijawahi kuona kama tumepoteza kitu. Kuna madaraja ya magogo mawili matatu ambayo kiangazi unapita chini umekaa wima na wakati wa mvua kichwa hakipiti. Kuna uzio wa migono ya samaki, vijiti vimechomekwa ng'ambo mpaka ng'ambo, huo ni sawasawa na mti uliolala na mwenyewe ana haki yake, tunashuka tunazunguka hatugusi kijiti cha mtu. Kwenye maji tuli ambayo wewe unayataka kwa kupumzikia kuna magunia ya mihogo imelowekwa, salimia, omba, pita pembeni. Mwenyekiti wa kitongoji anajua siku tunayoingia na saa tunayotakiwa kutokea darajani, mtandao wa simu humo katikati hamna. Darajani ndio tunaishia, mana baada ya pale mto unaingia tambarare unatulia na huko chini kuna mamba.

Ukianguka majini kwenye mawe usisimame, hata kama maji ni ya magotini. Mguu unaingia kwenye ufa, mkondo unakulaza kifudifudi, na watu wazima wamekufa kwa maji ambayo mtoto angevuka. Lala chali, miguu mbele imekunjwa kidogo, vidole juu, mpaka ufike kwenye maji tuli kabisa. Isipokua mbele kukiwa na mti, hapo unageuka tumbo unaogelea kwa nguvu zote kichwa mbele uupande.

Kuna aliyeniuliza kwa nini nisiende Malagarasi kule maporomoko ya Igamba, panajulikana na barabara ipo karibu. Malagarasi ni mto mwingine kabisa kwa ukubwa, maji yake mengi mno, una viboko na mamba, na pale Igamba kuna mradi wa umeme, sio mahali pa kujifunzia. Na vijito vya Gombe vile vinavyodondoka ziwani usithubutu, ni hifadhi ya taifa, na ule mteremko kutoka juu ya mlima mpaka ziwani ni wa kutembea tu tena kwa kushika mizizi.

Kwa hiyo wale vijana wa Ujiji, jibu langu. Ya mtumba inafaa, kwa umbo na plastiki hii kayaki imenilipa mara kumi, mpya ukijumlisha kuisafirisha mpaka huku utakaa miaka unachanga. Ila hela mliyookoa inunue kamba mbili za kurusha, filimbi, boya la mwili lenye kubana sawasawa na helmeti, na muwe watatu, mmoja akiwa kwenye maji wawili wako kwenye mawe na kamba mkononi. Binamu yangu alirusha ile kamba mara mia mbili kwenye mchanga wa Kibirizi kabla sijamruhusu anisimamie, kwa kulenga dumu linaloelea, na ile ya mia mbili na mbili ndio ilinikuta mimi.

Kwa bei ile ile ningeinunua tena hata kesho. Ila ningekaa chini pale pale kwenye uwanja wa muuzaji, nitoe spana namba kumi mfukoni, nizifungue zote nne mbele yake, ndio nihesabu hela.